Geji Inasema 15, Lakini Nakuru Si Mombasa

Kama una autoklevu ndogo au sufuria ya presha mahali popote kati ya Naivasha na Mau Summit, na unaitumia kutakasa vifaa vya zahanati, vyombo vya maabara au chupa za chakula cha kuuza, usiziamini tena dakika zilizoandikwa kwenye kijitabu chake. Aliyeziandika alidhani uko karibu na usawa wa bahari. Mjini Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Molo uko kama mita 2,500. Geji itapanda hadi pauni 15, mvuke utafoka, robo saa itakwisha, utazima moto kwa amani. Na muda huo wote, joto ndani ya chombo halikufika nyuzi 121 ambazo kila kitu kilitegemea.

Nasema haya mapema, kabla hatujazika mtu. Kosa lenyewe halina moshi wala harufu. Mkasi uliotoka kwenye autoklevu iliyopungukiwa na nyuzi tatu unang'aa sawasawa na uliotakaswa vizuri. Chupa ya minji iliyochemshwa vibaya inapendeza rafuni kama ile iliyochemshwa vizuri. Madhara yanajitokeza siku kadhaa baadaye, mbali na chombo kilichoyazaa, na aghalabu hakuna anayerudi kuuliza ile geji ilikuwa inapima nini.

Geji inapima tofauti. Mwaka 1849 Mfaransa Eugène Bourdon alisajili kifaa ambacho mpaka leo kimo kwenye vyombo vingi vya presha: mrija wa shaba uliopindwa, ambao hujinyoosha presha ya ndani inapoizidi ya nje, na mshale ukasogea. Mrija huo haujui presha kamili iliyomo ndani. Unachojua ni kwamba ndani kumezidi nje kwa kiasi fulani. Mombasa, hewa ya nje inagandamiza kwa kilopaskali 101 hivi. Nakuru inagandamiza kwa kilopaskali 81 au 82 tu, kwa sababu sehemu kubwa ya ule mzigo wa hewa tumeshaiacha chini yetu. Sifuri ya geji ya Mombasa na sifuri ya geji ya Nakuru zinaanzia pawili. Aliyepanda ngazi tatu kutoka uani hafiki pale alipofika aliyepanda ngazi tatu kutoka barazani, hata kama wote wawili wamehesabu tatu.

Sasa tupige hesabu. Pauni 15 kwa inchi ya mraba ni kilopaskali 103. Ukiziongeza juu ya hewa ya Mombasa unapata kilopaskali 204 hivi, na mvuke safi ulioshiba kwa presha hiyo una joto la nyuzi 121. Ukiziongeza juu ya hewa ya Nakuru unapata kilopaskali 185, na mvuke wa presha hiyo hauzidi nyuzi 118. Kwa hewa ya Molo, ambayo ni kilopaskali 75 hivi, hufiki hata nyuzi 117. Sufuria isiyo na geji, ile yenye kizito kidogo kinachochezacheza juu ya mfuniko, haina nafuu yoyote, maana kizito nacho kinasukumwa na mvuke kutoka ndani huku hewa ya nje ikikisaidia kushuka. Nacho kinahesabu tofauti tu.

Mtu atasema: nyuzi tatu ni nini? Kwenye chai si kitu. Kwa bakteria wanaotengeneza spora ni habari nyingine kabisa. Spora ni hali ambayo bakteria kama yule wa pepopunda hujifunga ndani yake mazingira yakiwa mabaya: gamba gumu, maji kidogo, uhai uliosinzia. Maji yanayochemka kwa saa nzima hayana hakika ya kuimaliza. Ndiyo maana ikachaguliwa nyuzi 121 kwa robo saa. Kanuni ya kawaida ya wataalamu wa utakasaji ni kwamba joto likishuka kwa nyuzi 10, muda unaohitajika unakuwa mara kumi. Kwa kanuni hiyo, robo saa ya autoklevu ya Nakuru inayosoma 15 inafanya kazi ya dakika saba hivi. Molo inafanya kazi ya dakika tano na kidogo. Nusu ya kazi haikufanyika, na Molo theluthi mbili.

Lazima niseme ukweli wote hapa ili woga usizidi tahadhari. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havihitaji nyuzi 121 ili vife. Mvuke wa nyuzi 118 unavimaliza vikiwa wazi mbele yake. Tatizo ni spora, na spora ziko kwenye udongo, kwenye mavi ya ng'ombe na farasi, kwenye vumbi la barabara zetu. Mkoa wa wakulima na wafugaji hauna uhaba nazo. Tena autoklevu za kisasa zenye kihisio cha joto ndani, kama zinazotumiwa na hospitali kubwa, hazidanganyiki kwa mwinuko, kwa sababu zinasubiri joto lenyewe lifike ndipo zianze kuhesabu dakika. Ninaowalenga ni wenye vyombo vidogo vya geji peke yake: zahanati ya mtu binafsi, kliniki ya meno ya mtaani, mtaalamu wa mifugo anayetembea na sindano na visu vya kuhasia, maabara ya shule, mkulima wa uyoga anayetakasa mbegu zake. Hao ndio ambao kijitabu cha kiwandani ni mwalimu wao wa pekee.

Kijitabu hicho hakikuandikwa na mwongo. Kiliandikwa na mtu aliyefundishwa kemia jinsi sisi sote tulivyofundishwa, na hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo.

Wanakemia wanapenda halijoto sanifu kwa sababu nzuri kabisa. Gesi haina ujazo wake mwenyewe. Robert Boyle alionyesha mwaka 1662 kwamba ukiibana inapungua, na baadaye wengine wakaonyesha kwamba ukiipasha inatanuka. Amedeo Avogadro akapendekeza mwaka 1811 kwamba gesi zozote mbili zenye ujazo sawa zina idadi sawa ya chembe, mradi halijoto na presha ziwe sawa. Ule mradi ndio wenye uzito. Bila huo, mtu wa Paris akisema amepata lita tano za haidrojeni na mtu wa Nairobi akisema amepata lita sita, hakuna ajuaye nani kapata nyingi zaidi. Wakakubaliana basi pa kulinganishia: nyuzi sifuri, kwa kuwa barafu inayoyeyuka hutoa joto hilo hilo popote unapoitengeneza, na presha inayoinua zebaki milimita 760, ambayo ndiyo presha ya kawaida pwani. Hapo moli moja ya gesi inachukua lita 22.4. Hata makubaliano hayo yamewahi kuguswa: mwaka 1982 umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, ulishusha presha sanifu hadi kilopaskali 100 kamili, na kwa kipimo hicho moli inachukua lita 22.7. Vitabu vyetu vya sekondari viliendelea na 22.4, pamoja na lita 24 kwa kile kinachoitwa hali ya kawaida ya chumbani.

Makubaliano ya namna hiyo ni kitu cha thamani. Bila halijoto sanifu hakuna jedwali la nishati ya mmenyuko, hakuna kulinganisha myeyuko wa chumvi, hakuna hata maana ya kusema maji safi yana pH 7, kwa sababu yana 7 kwenye nyuzi 25 na si kwenye nyuzi 60. Chupa ya kupimia ya maabara imechapishwa shingoni: 20 °C. Kwa hiyo sina ugomvi na usanifu. Ugomvi wangu ni na tabia ya kuusahau. Tunakariri namba, tunaitupa hali iliyofungamana nayo, kisha tunaibeba namba peke yake mpaka mahali ambapo si kweli.

Chukua chumba chenyewe cha darasa la Nakuru. Ni nyuzi 20, presha ni kilopaskali 81 na ushei. Moli moja ya gesi humo inachukua lita karibu 30. Si 24. Mwanafunzi akitia miligramu 65 za zinki kwenye asidi na kukusanya haidrojeni kwa bomba la sindano, kitabu kinamwahidi sentimita za ujazo 24 na bomba linamwonyesha karibu 30. Robo nzima imezidi. Mwalimu mzuri atafurahi, maana somo la kanuni za gesi limejileta lenyewe mezani: pima presha ya leo, pima halijoto ya leo, rekebisha, uone namba inavyorudi 24. Lakini shule nyingi hazina kipimahewa, na mtihani unakuja, na jibu la kwenye mwongozo wa kusahihisha ni lile la kitabu. Kwa hiyo mtoto anaambiwa bomba lake limevuja au hakusoma vizuri.

Maji yanayochemka ni mfano mbaya zaidi. Nakuru yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, Molo 92. Mtoto anatumbukiza kipimajoto, anaona 94, anatazama kushoto na kulia, anafuta, anaandika 100. Alama anapata. Alichojifunza siku hiyo ni kwamba kitabu kikipingana na jicho lake, jicho ndilo limekosea. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita bonde hili walichemsha maji makusudi ili kujua wako mita ngapi juu ya bahari, kwa kusoma pungufu lile lile ambalo leo tunamfundisha mtoto alifute. Mtoto huyo ndiye kesho atakuwa muuguzi wa zahanati, au fundi wa maabara, au mama anayefungasha minji Molo. Geji ikimwambia 15, ataandika 121 kwenye daftari la kumbukumbu, jinsi alivyofundishwa.

Nirudi kwenye chombo, kwa sababu kuna mtego wa pili unaoongezeka juu ya wa mwinuko. Hewa. Presha ndani ya autoklevu ni jumla ya presha ya mvuke na presha ya hewa iliyonaswa humo, na ni mvuke peke yake unaobeba joto la kutosha kuua. Ukifunga vali haraka, kabla hewa haijasukumwa nje yote, geji itapanda vizuri na kukudanganya. Hata pwani, nusu ya hewa ikibaki ndani, geji inayosoma 15 ina joto la nyuzi 112 tu badala ya 121. Hapa kwetu ni chini ya hapo. Kwa hiyo acha vali wazi mpaka mvuke utoke kwa mfululizo, bila kukatika, kwa dakika kumi, ndipo uifunge. Usiufanyie haraka mvuke huu kwa sababu mgonjwa anasubiri au gesi ya mtungi ni ghali.

Mtego wa tatu ni utepe. Ule utepe unaobandikwa kwenye kifurushi na kutoa mistari myeusi baada ya kupashwa unaaminiwa kupita kiasi. Kazi yake ni kukuambia kifurushi hiki kimeshapita kwenye moto na kile hakijapita. Haukuambii kwamba spora zimekufa. Kuna vipande vya kemikali vilivyotengenezwa kujibu joto, muda na mvuke kwa pamoja, navyo huwekwa ndani katikati ya mzigo, si juu yake. Na kuna kipimo cha uhakika zaidi: kichupa chenye spora za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, ambaye ni sugu kwa joto kuliko karibu wote. Unakiweka katikati ya mzigo, unaendesha mzunguko wako wa kawaida, kisha unakiotesha. Akiota, chombo chako hakitakasi, hata kama cheti chake cha ununuzi kina muhuri. Kila anayetumia autoklevu ya geji katika kaunti ya Nakuru angeendesha jaribio hilo mara moja mwezi huu, tungejua tumesimama wapi.

Sasa la kufanya. Kama chombo chako kimeruhusiwa na mtengenezaji kufika pauni 20, ipandishe presha: kanuni ni nusu pauni kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Nakuru ni zaidi kidogo ya futi 6,000, basi ongeza pauni tatu, ufanye kazi kwa 18. Molo fanya kwa 19 na ushei. Kama chombo hakiruhusu kuzidi 15, usikilazimishe. Nasisitiza hili kwa nguvu zote: usiongeze uzito juu ya vali, usiifunge kwa waya, usimwite jua kali akuchongee kizito kikubwa zaidi. Sufuria ya presha inayopasuka inaweza kumuua aliye karibu papo hapo. Badala yake ongeza muda. Kwa vifaa vilivyopewa robo saa, Nakuru usishuke chini ya dakika 35 na Molo usishuke chini ya 45, ukihesabu baada ya hewa kutoka na geji kutulia, kisha uthibitishe kwa kile kichupa cha spora. Na ukiweza kununua kitu kimoja tu mwaka huu, nunua kipimajoto cha kurekodi kiwango cha juu, kile kinachoingia ndani ya chombo na kubaki kwenye joto la juu kabisa lililofikiwa. Kitakuambia ukweli ambao geji haiwezi kuujua.

Kwenye chakula sina maneno ya kulegeza. Bonde hili linalisha nchi: minji na viazi vya Molo, karoti na kabichi za Njoro, mboga za Naivasha, mahindi mabichi, maharagwe, maziwa. Mazao yakifurika sokoni bei inaanguka, na ni haki kabisa mtu afikirie kuyatia kwenye chupa ili auze msimu wa njaa. Maelekezo yamejaa kwenye simu, yametengenezwa na watu wa miji ya pwani za mbali, na yanasema: jaza chupa, funga, pika kwa presha dakika kadhaa. Ndani ya chupa iliyofungwa hakuna hewa, na vyakula visivyo na uchachu kama minji, maharagwe, mahindi, uyoga na nyama ni nyumba tulivu kwa bakteria wa botulizimu. Spora zake zikinusurika kwenye joto, zinaamka polepole rafuni na kutoa mojawapo ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Kenya si mgeni wa sumu hiyo. Mwaka 1980 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha taarifa ya mlipuko wake nchini mwetu baada ya watu kula kumbikumbi, na wengine wakafa.

Idara ya kilimo ya Marekani, ambayo imefanya kazi hii ya chupa za nyumbani kwa miaka mingi, inataka sufuria yenye geji ya mshale ifanye kazi kwa pauni 11 mpaka futi 2,000, na kwa pauni 14 kati ya futi 6,000 na 8,000. Jedwali linaishia hapo. Nakuru na Njoro zimo ndani ya safu hiyo ya mwisho. Molo imelipita. Anayefungasha minji Molo kwa sufuria ya nyumbani anafanya jambo ambalo hata jedwali la wataalamu halikulifikia. Na zile sufuria za umeme zenye vitufe, zinazopendwa siku hizi kwa kupika githeri na mbuzi, hazikutengenezwa kwa kazi ya kutakasa chupa, awe mtu yuko Molo au Malindi.

Kausha mboga zako, kama mama zetu walivyokausha kunde. Gandisha, kama una umeme wa kutegemewa. Chachusha. Nyanya zilizotiwa ndimu ya kutosha, jemu na achari zina uchachu unaowazuia bakteria hao, na zinaweza kuchemshwa chupani katika maji ya kawaida, ila muda uongezwe kwa sababu ya nyuzi zetu 94. Vikundi vya vijana na vya akina mama vinavyotaka kuuza vyakula visivyo na uchachu kwenye chupa vipeleke sampuli kwa wataalamu wa sayansi ya chakula kabla ya kubandika lebo. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro hapo hapo, na sayansi ya chakula inafundishwa humo.

Kosa hili hili, likiwa na sura nyingine, linawala wafugaji pesa kila siku. Laktomita imepimwa kwa maziwa ya nyuzi 20; nyingine za zamani kwa nyuzi 15 na nusu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka uzito wa maziwa mabichi uwe kati ya 1.028 na 1.036 kwenye nyuzi 20, yaani laktomita isome 28 hadi 36. Kila nyuzi moja juu ya 20 inashusha usomaji kwa 0.2 hivi. Maziwa halali ya 29, yakifika kituoni yakiwa na nyuzi 30, yatasoma 27, na mfugaji wa Rongai au Bahati ataambiwa ametia maji. Yakipoa mpaka nyuzi 10, yaliyotiwa maji ya kusoma 27 yatapanda hadi 29 na kupita. Mwenye haki anarudishwa na debe lake, mwenye hila anapokelewa, na kifaa hakijaharibika hata kidogo. Karani wa kituo awe na kipimajoto mkono mmoja na laktomita mkono wa pili, au asimhukumu mtu.

Maji ya kunywa yasimtie mtu wasiwasi. Nyuzi 94 zinaua vimelea vya kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo bila shida. Yakishachemka vizuri kwa kufurika yaache dakika moja, na juu ya mita 2,000, kama Njoro na Molo, yaache dakika tatu. Maziwa ya chai vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba huko hatujaribu kuua spora.

Naomba maafisa wa afya ya umma wa kaunti wanaokagua zahanati waongeze swali moja kwenye ukaguzi wao: chombo hiki kiko mita ngapi juu ya bahari, na presha yake imerekebishwa? Waganga wa meno na wa mifugo waulizane wenyewe bila kungoja mkaguzi. Wauza vifaa vya hospitali mjini Nakuru wabandike karatasi ya mwinuko kwenye kila autoklevu inayotoka dukani. Walimu wa kemia, mkifika kwenye 22.4, andikeni ubaoni pia namba ya chumba chenu, mkiipata kwa mikono yenu, na mwanafunzi aliyesoma 94 apewe alama zake.

Na kwako uliye na chupa za minji, maharagwe, nyama au uyoga rafuni sasa hivi, ulizozipika kwa dakika za kwenye simu: usizionje. Kuonja kidogo tu kunatosha kudhuru, na sumu hiyo mara nyingi haina ladha wala harufu. Chupa iliyovimba mfuniko, iliyovuja au inayorusha povu ikifunguliwa usiifungue ndani ya nyumba wala usiwape nguruwe. Itie, na mfuniko wake, kwenye mifuko miwili, uizike mbali na mifugo. Ambayo haina dalili hizo nayo mashaka yake hayajaisha. Chaguo salama ni kuitupa. Kama hujawahi kuuza, usianze. Kama umeshauza, watafute wanunuzi wako leo, kwa jina na kwa simu, uwarudishie pesa zao. Ikiwa kuna aliyekula, dalili zinaweza kuanza kati ya saa chache na siku kadhaa: kuona vitu viwili viwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, kushindwa kumeza, kisha udhaifu unaoshuka kutoka usoni kwenda mikononi na kifuani mpaka pumzi inakuwa ngumu, na mara nyingi hana homa. Asingoje kesho. Apelekwe hospitali yenye mashine ya kupumulia, na mtu aibebe chupa aliyokulia, ikiwa imefungwa vizuri, amwambie daktari waziwazi kwamba ni chakula cha chupa kilichopikwa nyumbani.